Maisha ya Horace Mann, Aliyewatafutia Watoto Walimu

Kila mzazi ampelekaye mtoto wake shuleni humkabidhi kwa mtu ambaye mara nyingi hamjui. Huitazama nyumba kama ina paa zuri, na vitabu kama vipo, na ada kama aiweza; lakini yule atakayekaa na mtoto tangu asubuhi hata alasiri hamwulizi ni nani aliyemfundisha kazi yake. Hapa tunasimulia maisha ya mtu mmoja wa Marekani, jina lake Horace Mann, aliyeliuliza swali hilo mbele ya watu wote wa jimbo lake, akatumia miaka 12 ya nguvu zake kulitafutia jibu. Amekufa zamani, lakini swali lake halijafa.

UTOTO WAKE

Horace Mann alizaliwa tarehe 4 Mei 1796 katika mji mdogo wa Franklin, jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki wa Marekani. Baba yake, Thomas Mann, alikuwa mkulima, na shamba lao halikuwa la mali nyingi. Watoto walifanya kazi tangu wadogo. Katika mji ule wanawake na watoto walisuka majani makavu ya nafaka yawe ukili wa kutengenezea kofia; Horace naye alisuka, na kwa senti alizozipata alijinunulia vitabu vya shule.

Shule ya mtaa wao ilifunguliwa majuma machache tu, na mpaka alipokuwa kijana Horace hakuhudhuria zaidi ya majuma 8 au 10 katika mwaka mmoja. Walimu walikuwa watu wa kupita: mwaka huu huyu, mwakani mwingine. Hawakuwa watu wabaya, ila kazi yao hawakufundishwa na mtu. Walimwagiza mtoto akariri maneno ya kitabu, na akisahau walishika fimbo. Mann alipokuwa mtu mzima alikumbuka kwamba katika akili zote za mtoto ni kumbukumbu ya maneno tu iliyotakwa na walimu wake. Kuuliza jambo lisilokuwamo kitabuni hakukuwa na nafasi.

Lakini mlikuwa na vitabu katika mji ule. Mji ulikuwa umeitwa kwa jina la Benjamin Franklin, mtu mashuhuri wa nchi, na wazee walipomwomba zawadi ya kengele ya nyumba yao ya ibada, yeye aliwapelekea vitabu 116 badala ya kengele. Vingi vilikuwa vya historia na vya dini, vigumu kwa mtoto. Horace alivisoma hivyo hivyo.

Mwaka wa 1809 baba yake alikufa, Horace akiwa na miaka 13. Mwaka uliofuata kaka yake Stephen alizama majini siku ya Jumapili akafa. Mchungaji wa mji, Nathanael Emmons, mtu wa mafundisho makali, alihubiri mazishini juu ya hatari ya vijana wafao bila kuongoka, na Horace alimwona mama yake akilia kwa uchungu. Tangu siku hiyo aliacha mafundisho ya Emmons, na hata baadaye alijiunga na Wayunitari. Tunalisimulia neno hili kwa sababu liliandamana naye: maisha yake yote hakuvumilia kuona mtoto akifundishwa kwa hofu.

WAKILI NA MJUMBE WA BUNGE

Alipokaribia miaka 20 alikutana na mwalimu msafiri aliyejua sana Kilatini na Kiyunani. Akasoma kwake miezi 6 tu, na mwaka wa 1816 akapokelewa katika chuo kikuu cha Brown, mjini Providence, akawekwa moja kwa moja katika darasa la mwaka wa pili. Alimaliza mwaka wa 1819 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Kisha akajifunza sheria, na mwaka wa 1823 akawa wakili.

Mwaka wa 1827 watu wa Dedham walimchagua kuwa mjumbe wao katika Bunge la jimbo. Huko aliwatetea wagonjwa wa akili, waliokuwa wakifungwa gerezani pamoja na wahalifu, mpaka hospitali yao ikajengwa mjini Worcester, ikafunguliwa mwaka wa 1833. Mwaka wa 1830 alimwoa Charlotte Messer, binti wa mkuu wa chuo cha Brown. Lakini baada ya miaka 2 mkewe alikufa, na kwa muda mrefu Mann alikuwa kama mtu asiyeona sababu ya kuamka asubuhi. Rafiki zake walimhimiza aendelee na kazi ya umma. Akachaguliwa katika Seneti ya jimbo, na mwaka wa 1836 akawa Rais wake. Watu walianza kusema kwamba siku moja atakuwa gavana.

SHULE ZA MITAA NA WALIMU WAKE

Massachusetts ilikuwa na shule za umma tangu zamani. Sheria ya mwaka wa 1647 iliagiza kila mji wenye jamaa 50 uweke mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika. Lakini baada ya miaka karibu 200 shule hizo zilikuwa zimechakaa. Kila mji uligawanyika mitaa, na kila mtaa ulijitafutia mwalimu wake kwa bei ya chini iliyowezekana. Wakati wa baridi, wavulana wakubwa walipokuwa hawana kazi shambani, mtaa uliajiri kijana wa kiume, mara nyingi mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetafuta fedha za karo yake. Wakati wa kiangazi uliajiri msichana awafundishe wadogo. Mwalimu hakuwa na nyumba: juma hili alilala kwa mzazi huyu, juma lijalo kwa mwingine. Mwaka wa 1837 mwalimu wa kiume alipata kama dola 25 kwa mwezi, pamoja na gharama ya chakula na malazi yake. Mwalimu wa kike alipata kama dola 11.

Sheria ilitaka halmashauri ya shule ya kila mji imjaribu mwalimu kabla hajaanza kazi. Mahali pengi hawakumjaribu kabisa, au walimwuliza maneno mawili matatu, basi. Msimu ulipokwisha mwalimu aliondoka, na yale machache aliyokuwa amejifunza juu ya watoto aliondoka nayo. Aliyemfuata alianza upya.

Basi, msomaji, pima jambo hili. Ngozi ya kiatu haikukabidhiwa ila kwa mtu aliyekaa miaka kwa fundi. Mtoto alikabidhiwa kwa ye yote aliyekubali mshahara mdogo. Wenye mali walipoona hali hiyo waliwapeleka watoto wao katika shule za kulipia, wala hawakuwa na haja tena ya kuitengeneza shule ya umma. Hivyo aliyeumia ni mtoto wa maskini.

ANAIACHA KAZI YAKE

Tarehe 20 Aprili 1837 Bunge lilitunga sheria ya kuweka Halmashauri ya Elimu ya jimbo. Halmashauri hiyo haikupewa nguvu ya kuamuru mji wo wote. Ilipewa kazi ya kukusanya habari za shule na kuzitangaza. Ilihitaji katibu. Wengi walidhani atachaguliwa James Carter, aliyekuwa amezitetea shule kwa miaka mingi. Lakini mjumbe mmoja wa Halmashauri, Edmund Dwight, tajiri mwenye viwanda, alimtaka Mann.

Mann alisita. Mshahara wa katibu ulikuwa chini ya mapato yake ya uwakili. Na kwa kuikubali kazi hiyo angeacha Seneti na matumaini yote ya ugavana. Rafiki zake wengine walishangaa kwamba mtu wa cheo chake afikiri kufanya kazi ya kukagua shule za vijijini. Mwisho wa mwezi wa Juni akakubali. Akafunga kazi yake ya uwakili, akapanda farasi, akaenda wilaya kwa wilaya kuwahutubia watu juu ya shule zao. Mahali pengine walikuja wengi. Mahali pengine walikuja wachache mno, akasema mbele ya viti vitupu.

Alichokiona katika safari hizo kilimthibitishia neno moja. Shule hazikupungukiwa na sheria, kwa kuwa sheria zilikuwapo. Ziliharibika kwa kukosa watu waliotayarishwa. Akaweka nia kwamba serikali ianzishe vyuo vya kuwafundisha walimu, kama vilivyokuwapo Prussia na Ufaransa. Kwa Kifaransa vyuo hivyo viliitwa kwa jina lenye maana ya kanuni au kielelezo, kwa sababu humo mwalimu hujifunza kanuni za kazi yake. Katika Marekani yote serikali haikuwa bado na chuo hata kimoja cha namna hiyo.

Mwezi wa Machi 1838 Dwight alimwambia Mann kwamba atatoa dola 10,000, ikiwa Bunge litatoa kiasi hicho hicho, na kwamba jina lake lisitajwe. Mann alilipelekea Bunge habari hiyo, na mwezi wa Aprili Bunge likakubali. Fedha hizo zikawekwa kwa ajili ya kuvijaribu vyuo kwa miaka 3.

CHUO CHA LEXINGTON

Sasa ilimpasa Mann kumtafuta mtu wa kuwafundisha walimu. Katika kisiwa cha Nantucket alimkuta Cyrus Peirce, aliyezaliwa mwaka wa 1790, ambaye zamani alikuwa mchungaji, kisha akaacha uchungaji akawa mwalimu wa shule. Mann alikaa darasani mwake akamtazama akifundisha, akajua kwamba amempata aliyemtaka.

Chuo cha kwanza kilifunguliwa Lexington tarehe 3 Julai 1839, katika jengo lililotazama uwanja ule ule ambako mwaka wa 1775 vita vya uhuru wa Marekani vilianza. Kilikuwa cha wanawake tu. Aliyetaka kuingia alipaswa kuwa na miaka 16, kushuhudiwa tabia njema, kujaribiwa katika masomo ya shule, na kutangaza kwamba anakusudia kuwa mwalimu. Hakutozwa karo. Mann na wenzake walikuwa wamefanya kazi miaka 2 kwa ajili ya siku ile. Wasichana waliokuja walikuwa 3.

Mtu mwingine angalifunga mlango akarudi nyumbani. Peirce alianza kufundisha hao 3. Baadaye wakaongezeka kidogo kidogo, na kundi la kwanza likafika 25.

Peirce aliona upesi kwamba wasichana hawa, ingawa walikuwa wamesoma, hawakuyajua vema hata masomo ya shule ndogo. Basi akayarudia nao tangu mwanzo: kusoma, tahajia, hesabu, sarufi, jiografia; naye hakuridhika na jibu la kitabu mpaka mwanafunzi aeleze sababu yake. Pamoja na hayo aliwafundisha kanuni za kufundisha: jinsi ya kupanga somo, jinsi ya kuuliza swali, jinsi ya kutawala darasa bila fimbo. Tena aliweka shule ya mfano yenye watoto kama 30 wa mji. Humo wanachuo walifundisha kwa zamu, na Peirce alikuja kuwatazama kila siku, kisha akawaonyesha yaliyofaa na yaliyokosewa. Hivyo kosa la mwalimu mpya lilionekana mbele ya mtu aliyeweza kulisahihisha, kabla hajaenda nalo peke yake katika mtaa wa mbali.

Kazi ile ilikuwa nzito kuliko nguvu za mtu mmoja. Peirce alifundisha masomo yote ya chuo, akaiangalia shule ya mfano, na wakati wa baridi alifagilia theluji na kuwasha moto wa majiko mwenyewe. Usiku alilala saa chache tu. Mwaka wa 1842 afya yake ilivunjika, akaondoka. Mahali pake akaingia Samuel May. Mwaka wa 1844 Peirce akarudi tena, akaendelea mpaka 1849.

Chuo cha pili kilifunguliwa Barre mwezi wa Septemba 1839, kwa wanaume na wanawake, na cha tatu Bridgewater mwezi wa Septemba 1840, chini ya Nicholas Tillinghast. Fedha hazikutosha kamwe. Mann aliviuza vitabu vyake vya sheria ili kusaidia mahitaji ya vyuo. Mtu aliyeuza vitabu vyake vya uwakili hakuwa na njia tena ya kurudi nyuma.

MWAKA WA HATARI

Vyuo vilikuwa havijatimiza mwaka mmoja vilipotaka kuuawa. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1839 Marcus Morton alishinda ugavana kwa kura moja tu, naye alikuja na shauri la kupunguza gharama za serikali. Mwezi wa Machi 1840 kamati ya Bunge ililetea wajumbe shauri la kuivunja Halmashauri ya Elimu, kuvifunga vyuo vya walimu, na kumrudishia Dwight fedha zake.

Hoja zao zilikuwa nyingi. Walisema mtu ye yote aliyesoma vema aweza kufundisha vema, kwa hiyo chuo cha ualimu ni anasa. Walisema mambo haya yametoka Prussia, nchi ya mfalme, nayo yatawanyang'anya watu wa mitaa mamlaka yao. Wengine walisema Mann anaiondoa dini shuleni, kwa sababu hakukubali katekisimo ya dhehebu moja ifundishwe katika shule inayolipiwa na watu wa madhehebu yote. Mann alijibu kwamba Biblia inasomwa katika shule za umma, ila tafsiri za kila dhehebu ni kazi ya jamaa na ya kanisa. Wako waliomwelewa, wako waliomkasirikia mpaka mwisho.

Rafiki zake walileta ushahidi wa macho. Samuel Gridley Howe, aliyejulikana kwa kazi yake ya kuwafundisha vipofu, alikuwa amekizuru chuo cha Lexington, akaandika juu ya mambo aliyoyaona darasani mwa Peirce. Kura zilipohesabiwa, wajumbe 182 walitaka kuivunja Halmashauri na kuvifunga vyuo, na wajumbe 245 walikataa. Kama wajumbe 32 tu wangaligeuka, kazi yote ingalikwisha. Mwaka wa 1842, muda wa kujaribu ulipokwisha, Bunge likatoa fedha nyingine, na vyuo vikasimama.

SAFARI YA ULAYA

Tarehe 1 Mei 1843 Mann alimwoa Mary Peabody, mwanamke mwenye elimu aliyekuwa mwalimu, wakasafiri pamoja kwenda Ulaya. Watu wengine katika safari ya arusi hutazama milima na majumba; hao walitazama shule, magereza na hospitali. Walipita Uingereza, Uskoti, Ireland, Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa.

Katika Prussia na Saxony Mann alikaa darasani siku kwa siku kwa muda wa majuma 6. Alifika Halle pia, ambako August Hermann Francke alikuwa ameanza kuwatayarisha walimu tangu mwisho wa karne ya 17. Mann alipoandika taarifa yake alisema kwamba katika walimu hao wengi hakumwona hata mmoja aliyefundisha hali ameketi, wala aliyeshika kitabu mkononi ili afuatie somo, wala aliyempiga mtoto. Walisimama katikati ya watoto, wakasema nao. Aliona sababu yake waziwazi: walikuwa wamechaguliwa kwa uangalifu, wakafundishwa kwa miaka kadhaa, wakajaribiwa kabla ya kupewa darasa. Mann hakupenda utawala wa kifalme wa nchi zile, akalisema hilo pia. Lakini aliona kwamba dawa njema haikataliwi kwa sababu ya nyumba ilimotoka.

Taarifa hiyo iliwachoma waalimu wakuu wa shule za Boston. Mwaka wa 1844 waalimu 31 walitoa kitabu cha kumpinga, wakisema kwamba hazijui shule zao, na kwamba fimbo haiwezi kuachwa. Mann alijibu, nao wakajibu, naye akajibu tena, na maneno yakawa makali pande zote mbili. Katika vita hiyo Mann naye alisema maneno mengine ambayo mtu mpole asingaliyasema. Lakini mwaka wa 1845 watoto wa Boston walipojaribiwa kwa maandishi, wengi walionekana kwamba wanajua kukariri kuliko kufahamu, na watu wakaanza kusikiliza.

KUWATUNZA WALIOMO KAZINI

Vyuo vitatu havikuweza kumfikia kila mwalimu. Maelfu walikuwa kazini tayari, tena peke yao. Kwa ajili yao Mann alikuwa ameanzisha gazeti tangu mwezi wa Novemba 1838, akaliandika miaka 10: humo mwalimu wa kijijini alisoma jinsi wenzake walivyofundisha hesabu au kusoma. Kila mwaka alitoa taarifa juu ya shule, zikawa 12 zote pamoja. Alihimiza kila mtaa uwe na maktaba ndogo ya shule, na nyumba ya shule iwe na mwanga, hewa safi na viti vya kufaa.

Tangu mwaka wa 1845 aliitisha mikutano ya walimu ya majuma machache, ambamo walikusanyika kufundishwa upya. Dwight alitoa fedha za kwanza, kisha serikali ikaendelea. Mkutano mmoja ulipofanyika Pittsfield, Mann alifika asubuhi akakuta nyumba haikufagiliwa. Pamoja naye alikuwapo George Briggs, gavana wa jimbo. Basi gavana na katibu wakatafuta mifagio, wakafagia na kupangusa vumbi, hata walimu walipoingia wakakuta pahali pao ni safi. Hawakuwahutubia juu ya heshima ya kazi ya ualimu asubuhi ile; walikuwa wamekwisha kuionyesha.

Katika miaka ile 12 mishahara ya walimu wa shule za umma iliongezeka kwa zaidi ya nusu yake, wa kiume na wa kike, na dola kama milioni 2 zilitumika kwa kujenga na kutengeneza nyumba za shule. Walimu wa kike wakawa zaidi ya mara mbili ya wa kiume. Lakini neno moja lisifichwe. Mann aliamini kwamba wanawake wana kipawa kikubwa cha kuwafundisha watoto wadogo, na kwa imani hiyo aliwafungulia mlango. Wazee wa mitaa waliupenda mlango huo kwa sababu nyingine: mwalimu wa kike alilipwa kidogo. Mishahara ilipopanda, tofauti ile haikuondolewa, na wanawake wengi waliendelea kufanya kazi ile ile kwa ujira ulio chini sana.

Jambo jingine linastahili kukumbukwa. Chuo cha Lexington, kilichohamia West Newton mwaka wa 1844, kiliwapokea pia wasichana wa Kimarekani wenye asili ya Kiafrika, wakati watu wengi wa nchi ile walipokuwa bado watumwa. Mmoja wao alipokuja West Newton, hakupatikana mwenye nyumba aliyekubali kumpangisha chumba. Bwana na Bibi Mann wakamchukua akae nyumbani kwao, akala mezani pao, akaenda chuoni.

MWISHO WAKE

Mwaka wa 1848 Mann alichaguliwa kuingia katika Bunge la nchi mjini Washington, mahali pa John Quincy Adams aliyekuwa amekufa. Akaacha ukatibu, akiwa amechoka. Alikuwa amefanya kazi kama saa 15 kwa siku kwa miaka mingi. Huko Washington aliupinga utumwa kwa nguvu. Mwaka wa 1853 akawa mkuu wa chuo kipya cha Antioch, katika jimbo la Ohio, kilichopokea wanaume na wanawake pamoja. Kati ya wafundishaji wake alikuwamo mpwa wake, Rebecca Pennell, aliyekuwa mmoja wa wanachuo wa kwanza wa Lexington. Msichana aliyekwenda kujifunza kufundisha watoto wadogo sasa alifundisha katika chuo kikuu.

Antioch kilikuwa na madeni mengi tangu mwanzo. Mwaka wa 1859 kikapigwa mnada, kikanunuliwa tena na rafiki zake. Mann alihutubia wanafunzi waliomaliza mwaka ule, akawahimiza wasife kabla ya kuwatendea wanadamu jambo la kufaa. Baada ya majuma machache akaugua homa, akafa tarehe 2 Agosti 1859, akiwa na miaka 63. Akazikwa Providence, karibu na Charlotte.

Mwaka wa 1865 sanamu yake ya shaba ilisimamishwa mbele ya nyumba ya serikali mjini Boston. Fedha zake zilichangwa na walimu na watoto wa shule. Vyuo vitatu alivyovianzisha vipo hata leo, navyo vimekuwa vyuo vikuu, katika miji ya Framingham, Westfield na Bridgewater.

Wasomaji wapendwa, maisha haya yana mambo matatu ya kuchukua. Kwanza, mwalimu hutafutwa. Haifai kungoja aje mtu aliyekosa kazi nyingine. Pili, mwalimu hufundishwa. Kujua somo na kujua kumfundisha mtoto ni mambo mawili. Tatu, mwalimu hutunzwa baada ya kupelekwa, kwa ujira wa haki, kwa vitabu, na kwa kutembelewa na wenzake, asiachwe peke yake mpaka moyo umwishie. Mahali panapokosekana moja ya hayo matatu, nyumba ya shule yaweza kusimama na kengele ikalia, lakini shule haipo.

Na mahali palipo na wanafunzi 3 tu na mwalimu mmoja anayeijua kazi yake, shule imekwisha kuanza. Basi safari ijayo umkutapo mwalimu mpya amefika mtaani kwenu, mchanga, hajui watu, usingoje kumhukumu kwa matokeo ya watoto mwisho wa mwaka. Mwulize amelala wapi, na ana haja gani.